Bi Arlys na Namba Isiyokatika

Bi Arlys Bjugstad alikuwa na dini mbili: ya Kilutheri, ambayo aliirithi, na ya hesabu, ambayo aliichagua mwenyewe. Katika ile ya kwanza alikuwa mvivu. Alisinzia waziwazi wakati wa mahubiri, alivuta sigara nje ya kanisa akiwa ameegemea gari la mchungaji, na kwenye karata za Jumatano aliiba bila haya, hata alipokuwa anashinda. Lakini ukimwambia kwamba sifuri si namba, alikuwa tayari kukufuata mpaka kwako akubishie mlangoni.

Alizaliwa kwenye shamba la alizeti nje kidogo ya mji wetu wa Skjerven, Dakota ya Kaskazini, binti wa tano kwa baba aliyekuwa anangoja mtoto wa kiume wa kuendesha trekta. Alipofika huyo wa tano, mzee alikata tamaa, akampa trekta yeye. Baadaye Arlys alisomea ualimu, akarudi, akaolewa na Einar Bjugstad, mwanamume mpole aliyesema maneno machache kiasi kwamba alipofariki baadhi ya majirani walichelewa kuona tofauti. Arlys alimlilia kwa siri na kwa muda mrefu. Hilo najua, kwa sababu ukuta wa nyumba yake na chumba nilichokuwa nimepanga vilikuwa vinatazamana, na madirisha ya Skjerven hayafichi kitu.

Alifundisha hesabu sekondari ya mji mpaka alipokuja mkuu mpya aliyependa mabango. Mkuu huyo alibandika ukutani aina zote za namba, kila moja na maelezo yake ya kukariri, na wanafunzi wakawa wanayaimba kama kasuku wa duka la vinywaji. Arlys alivumilia muhula mmoja. Kisha akasema kwamba kumfundisha mtoto jina la kitu asichokijua ni sawa na kumpa funguo za gari lisilokuwepo, akachukua kiinua mgongo chake, akaondoka. Kwenye tafrija ya kumuaga, mkuu alimsifu kwa dakika nyingi sana. Arlys alisinzia.

Ndipo akahamia chini ya kanisa. Kila kanisa la kwetu lina ukumbi wake chini ya ardhi, wenye jiko, meza za kukunja, na harufu ya kahawa iliyochemka tangu asubuhi. Humo Bi Arlys alifungua darasa la Jumanne jioni kwa watu wazima walioacha shule na sasa wanautaka ule mtihani wa kupata cheti cha sekondari. Mchungaji aliomba darasa lifunguliwe kwa sala. Arlys alijibu kwamba hana pingamizi, mradi idadi ya sala iwe namba nzima, na yeye ameshachagua sifuri.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo kikuu na sikuwa na haraka ya kuanza kitu kingine. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na chakula: sinia la viazi na nyama ya kusaga, limemiminiwa supu ya uyoga ya kopo, likaokwa mpaka juu pakawa pakavu. Nilikaa nyuma, nikala, na bila kukusudia nikajifunza yale niliyokuwa nimeyalipia ada bure.

Hakutumia mabango. Alikuja na mabakuli manne ya jikoni kwake, yale ya kuingiana, dogo la bluu, jekundu, la kijani, na kubwa la njano, pamoja na sinia pana la kuokea biskuti. Aliweka bakuli la bluu mezani.

"Hesabuni viti," akasema.

"Moja, mbili, tatu," wakaanza.

"Basi. Hizo ndizo namba za kuhesabia. Mtoto anazijua, kuku nadhani anazijua. Zinakaa humu kwenye bluu. Sasa hesabuni kondoo wangu."

Coreen Schlecht, aliyekuwa anaosha na kuvisha wazee katika nyumba ya wazee ya mji, alimtazama. "Mwalimu, wewe huna kondoo."

"Eeh. Wangapi?"

"Si nimekwambia huna."

"Nipe namba, Coreen, usinipe habari."

"Sifuri, basi."

Arlys akalitia bluu ndani ya jekundu. "Humu mna zile za kwanza zote, na sifuri juu yake. Namba nzima. Binadamu walikaa maelfu ya miaka kabla ya kuipa sifuri kiti. Wewe umeipa kwa sekunde chache, umewapita wengi."

Kisha akawatoa wote nje, Januari ile, bila makoti, wakatazame kipimajoto kilichopigiliwa karibu na mlango. Walirudi wakitweta mvuke.

"Kinasema nini?"

"Kumi na nane chini ya sifuri," akasema Coreen. "Ila hiyo si kitu. Mwaka ule baba yangu alipozikwa ilikuwa thelathini na moja chini. Ile ilikuwa kubwa."

"Ipi kubwa?"

"Thelathini na moja. Wachimba kaburi walivunja sururu."

Hapo ndipo watu wa kwetu hukosea, na hawakosei kwa ujinga. Mtoto wa Dakota hukua akisikia wakubwa wakijisifia baridi kama wengine wanavyojisifia samaki waliowavua. Hasi thelathini na moja ni kubwa, kwani ilikuwa na ushujaa ndani yake. Arlys hakucheka. Alichora mstari kwenye ubao, akasimamisha sifuri katikati.

"Coreen, mama, ukitaka kupata joto unakwenda upande gani?"

"Huku. Juu."

"Kutoka thelathini na moja chini, njiani unapita kumi na nane chini?"

Coreen aliufuata mstari kwa kidole. "Napita."

"Basi nani yuko juu ya mwenzake?"

"Kumi na nane," akasema kwa huzuni, kama aliyeambiwa baba yake alizikwa siku ya kawaida tu.

"Baridi ilikuwa kubwa. Namba ilikuwa ndogo. Hakuna anayekunyang'anya sururu zako." Akalitia jekundu ndani ya kijani. "Namba kamili. Za juu ya sifuri, sifuri yenyewe, na za chini yake."

Bakuli la njano lilikuwa la sehemu: nusu, robo, thumuni, kila namba unayoweza kuiandika kama namba kamili moja juu ya nyingine, mradi ya chini isiwe sifuri. Namba za uwiano. Na zile za ndani zote zilikuwa humo pia, kwa sababu tatu ni tatu juu ya moja, hata kama haipendi kuvaa rasmi. Mpaka hapo darasa zima lilikuwa limeridhika. Njano lilionekana kubwa vya kutosha kwa mahitaji yoyote ya wilaya yetu.

Kisha Arlys akayaweka mabakuli yote juu ya lile sinia la biskuti, akaandika kwenye kikaratasi kipeuo cha pili cha mbili, yaani ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata mbili. Hakukiweka kikaratasi ndani ya bakuli lolote. Alikilaza juu ya sinia, nje kabisa, peke yake.

"Na hii," akasema, "haikatiki. Hakuna sehemu inayoitosha."

Mkono mkubwa wenye ukucha mmoja mweusi ulinyooka, ukachukua kikaratasi, ukakitia kwenye bakuli la njano.

Huyo ndiye Norbert Heinle.

Norbert alikuwa fundi wa mapaa. Nusu ya nyumba za wilaya yetu zilikuwa zimevaa kofia aliyozishonea yeye. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano kumsaidia baba yake, na sasa akikaribia sitini magoti yake yalikuwa yamekwisha. Daktari alimkataza kupanda ngazi. Chuo cha ufundi cha mji wa jirani kilikuwa kinataka mtu wa kufundisha useremala kuanzia Septemba, kikamtaka yeye kwa jina, lakini sheria yao haimruhusu kusimama mbele ya darasa mtu asiye na cheti cha sekondari. Masomo mengine yote alishayafaulu. Hesabu alikuwa ameanguka mara mbili, na mtihani wa mwisho kabla ya Septemba ulikuwa wa Mei. Akianguka tena, kazi inakwenda kwa mtu mwingine, na yeye anabaki na magoti yake.

Na kuanguka kwenyewe hakukutokana na kutojua. Mara zote mbili alikutana na swali la aina ileile: chagua namba isiyoweza kuandikwa kama sehemu. Mara zote mbili aliona kwamba swali lenyewe ni la uongo, akakaa analibishia mpaka muda ukaisha, na maswali yaliyofuata hayakuonja jibu.

"Mwalimu," akasema jioni ile, "mimi si Mlutheri, niko hapa kwa hisani yenu, kwa hiyo sitaki ugomvi. Lakini hii ni kumi na saba juu ya kumi na mbili. Kila fundi anajua."

"Nani aliwaambia?"

Akatoa skwea yake ya chuma, ile rula ya pembe ya mafundi, akaibwaga mezani. "Paa lenye kona. Kila inchi kumi na mbili ambazo kenchi ya kawaida, mbao inayobeba paa, inaenda kwa usawa, ile ya konani inakwenda kumi na saba, kwa sababu inakata mraba toka pembe hadi pembe. Baba yangu alitumia kumi na saba. Babu yangu alitoka nayo Urusi. Sijawahi kurudishiwa paa."

"Kumi na saba mara kumi na saba?"

"Mia mbili themanini na tisa."

"Kumi na mbili mara kumi na mbili, halafu mara mbili?"

Norbert alihesabu kwa midomo. "Mia mbili themanini na nane."

"Kwa hiyo si sawa."

"Imepungua moja tu."

"Norbert, mkeo akizaa watoto mapacha, ukirudi nyumbani na mmoja, utamwambia imepungua moja tu?"

Darasa lilicheka. Norbert hakucheka. "Mbao inasamehe," akasema, na akakiacha kikaratasi palepale kwenye njano. Arlys akakitoa. Norbert akakirudisha. Ilikuwa hivyo majuma yote ya baridi: kila Jumanne mmoja anakitoa, mwingine anakirudisha, kama mume na mke wanaogombania dirisha.

Kuna mwalimu ambaye angemwambia mzee yule, kariri tu, siku ya mtihani bonyeza jibu lao upate kazi. Nilimwambia Arlys hivyo mimi mwenyewe, tukiwa tunaosha vikombe.

"Ameshakaririshwa mara mbili," akasema. "Na mara mbili alipofika mbele ya swali, uaminifu wake ulimshinda. Huyo hawezi kubonyeza uongo. Ikibidi, lazima kwake iwe kweli."

"Na asipokubali mpaka Mei?"

"Basi tutakuwa na fundi mwaminifu asiye na kazi, na mwalimu mbishi wa kumsababishia. Futa hicho, bado kina mafuta."

Jumanne moja ya Machi walisogeza meza zote. Sakafu ya ukumbi ule ina vigae vya mraba vya futi moja moja, kama kumbi zote za chini ya kanisa za bara hili. Arlys alihesabu vigae ishirini na vinne upande huu na ishirini na vinne upande ule, akabandika utepe kwenye pembe mbili.

"Kwa kumi na saba yako, ulalo huu ni futi ngapi?"

"Thelathini na nne. Kamili."

"Pima."

Norbert alipiga magoti kwa maumivu ambayo sote tulijifanya hatuyaoni, akavuta futi yake ya chuma toka kona hadi kona, Coreen ameshika upande wa pili. Alisoma. Akasoma tena. Alifuta miwani.

"Inapungua," akasema. "Karibu robo tatu ya inchi."

"Iko kwenye alama gani?"

"Haiko kwenye alama. Ni futi thelathini na tatu, inchi kumi na moja, na kipande kilicho kati ya robo na sehemu tano za kumi na sita."

Alichukua rula nyingine yenye mistari ya karibu zaidi. Bado ilikuwa kati. Tukadhani yamekwisha. Norbert aliinuka kwa kushikilia meza, akaitazama sakafu kwa dharau ya kitaalamu.

"Vigae hivi waliweka nani?"

"Wanaume wa kanisa," akasema Arlys.

"Walutheri," akasema Norbert. "Wa kujitolea. Mwalimu, kwa heshima zote, sakafu hii imepinda."

Na kwa kweli ilikuwa imepinda. Arlys alijua. Nilimwona akiuma mdomo, si kwa hasira, bali kama mcheza karata ambaye mwenzake amemshika. Kupima hakutamaliza ubishi huu kamwe, maana hakuna futi duniani inayoweza kukuonyesha kwamba namba fulani haina sehemu. Ukikosa kwenye alama moja, fundi atakuomba alama za karibu zaidi, mpaka Kiyama.

Basi akambadilishia mchezo. "Sawa," akasema. "Kumi na saba juu ya kumi na mbili imepishana kwa moja. Tafuta sehemu bora zaidi. Nakupa njia: jumlisha ya juu na ya chini, upate chini mpya. Hiyo mpya jumlisha na chini ya zamani, upate juu mpya. Ukiipata isiyopishana hata kwa moja, nakunywesha kahawa mwaka mzima na naandika barua kwa wenye mtihani niwaambie ni waongo."

Huo ulikuwa mtego, na Norbert aliingia akiwa amevaa kofia. Alikwenda nyumbani, akahesabu kwenye vipande vya mbao alivyokuwa navyo karakana. Jumanne iliyofuata alibeba kimoja kwapani.

"Arobaini na moja juu ya ishirini na tisa," akasema. "Elfu moja mia sita themanini na moja, dhidi ya elfu moja mia sita themanini na mbili."

"Moja," akasema Arlys.

"Safari hii ni moja upande wa pili." Alisema kama aliyeona matumaini. Akaja na tisini na tisa juu ya sabini: elfu tisa mia nane na moja, dhidi ya elfu tisa mia nane. Moja. Akaja na mia mbili thelathini na tisa juu ya mia moja sitini na tisa. Moja. Alipofika mia tano sabini na saba juu ya mia nne na nane, aliingia bila salamu, akaweka ubao mezani, akajimiminia kahawa kikombe kizima kabla ya kusema.

"Laki tatu thelathini na mbili elfu mia tisa ishirini na tisa. Dhidi ya laki tatu thelathini na mbili elfu mia tisa ishirini na nane." Alikunywa. "Kuna kitu kinanichezea."

"Norbert, mtihani ni wiki mbili zijazo," akasema Coreen. "Mimi ningekuwa nasoma asilimia."

"Asilimia nazijua. Hii inaninyima usingizi. Mke wangu amesema nikitaja kumi na saba tena kitandani, nitalala karakana."

Arlys hakusogeza mabakuli jioni ile. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, wakati sisi tunapakua chakula.

"Tufanye umeipata," akasema. "Sehemu yako imekamilika, haipishani. Ya juu, ukiizidisha kwa yenyewe, ni mara mbili ya kitu fulani. Kwa hiyo jibu la kuzidisha huko ni shufwa au witiri?"

"Mara mbili ya kitu? Shufwa."

"Witiri mara witiri ni nini?"

"Tatu mara tatu tisa, tano mara tano... Witiri."

"Basi ya juu yenyewe inaweza kuwa witiri?"

"Haiwezi. Ni shufwa."

"Sasa, shufwa ukiizidisha kwa yenyewe, unaweza kuigawa kwa nne?"

Alijaribu sita, akajaribu kumi. "Naweza. Kila mbili inakuja mara mbili."

"Na hiyo ya kugawika kwa nne ni mara mbili ya mraba wa ile ya chini, yaani ile ya chini mara yenyewe. Gawa kwa mbili. Mraba wa ya chini unabaki nini?"

Aliandika kwa kidole mezani. Sufuria ya kahawa ilikuwa inakoroma. "Unabaki wa kugawika kwa mbili," akasema polepole. "Shufwa. Kwa hiyo na ya chini ni shufwa."

"Zote mbili shufwa."

"Basi nazikata nusu, zote mbili. Sehemu inabaki ileile."

"Kata."

"Lakini nikishazikata, ni sehemu ileile, kwa hiyo..." Alisimama hapo. "Kwa hiyo hoja yako inaanza upya. Zote mbili ni shufwa tena."

"Kata tena."

"Nikate tena." Aliangalia kile kipande cha mbao mezani, lakini nadhani hakukiona. "Mwalimu, ubao wa inchi nane unakata nne, unakata mbili, unakata moja. Umekwisha. Namba nzima huwezi kuikata nusu bila kikomo. Mahali fulani unafika kwenye witiri."

"Na yako inafika?"

"Haifiki." Alivua miwani, akaiweka juu ya ubao. "Basi sikuikosa. Haikuwepo. Tangu mwanzo haikuwepo."

Arlys hakusema kitu. Alijua kunyamaza, aliishi na Einar.

Norbert alinyoosha mkono kwenye rafu yalipokaa mabakuli na sinia, akatoa kikaratasi ndani ya bakuli la njano, akakilaza juu ya sinia, nje. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba yangu alijenga kwa kumi na saba maisha yake yote. Mimi pia. Tumejenga juu ya uongo."

"Acha zako," akasema Arlys. "Umejenga juu ya kumi na saba. Paa halikuombi ukweli, linakuomba lisivuje. Na namba yenyewe ipo, haijafa. Imelala kwenye kila kigae humu, toka pembe hadi pembe, na Walutheri wanaikanyaga na vikombe mkononi. Inakaa na wenzake sinia moja, ndiyo maana wote wanaitwa namba halisi. Hii tu haitaki kuandikwa kwa lugha ya sehemu."

"Kama mama mkwe wangu anavyokataa Kiingereza," akasema Norbert. Akachukua koti lake, akaenda nyumbani bila kula, na mimi nikala fungu lake.

Wanafunzi wake wote Arlys aliwapeleka mtihani mwenyewe kwa gari, kwa sababu kwa uzoefu wake mtu mzima akiachwa aende peke yake huishia duka la vyombo vya uvuvi. Mei ile ilikuwa zamu ya Norbert, nikaenda nao kumsaidia kuendesha, ingawa hakunipa usukani hata mara moja. Aliendesha kama binti aliyefundishwa na trekta, katikati ya barabara, sigara dirishani. Norbert alikaa mbele na shati lake la kanisani, mikono juu ya mapaja.

Kituo cha mtihani kilikuwa chumba cha kompyuta nyuma ya maktaba. Tulingoja garini. Arlys hakusinzia. Alizungusha redio toka steshini hii hadi ile, akaizima, akanitukana kwa kula karanga kwa kelele. Muda ulipofika nusu, mlango ulifunguka, na Norbert akatoka.

"Mapema," akasema Arlys. "Ametoka mapema. Amegombana nao."

Norbert alifungua mlango wa gari, akakaa, akafunga mkanda.

"Sema," akasema Arlys.

"Swali lilikuwepo."

"Lilelile?"

"Lilelile. Ipi kati ya hizi haiwezi kuandikwa kama sehemu. Waliweka na kumi na saba juu ya kumi na mbili, wahuni."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitazama kidogo. Nikabonyeza ile yenyewe, nikaenda linalofuata." Alijikuna shingo. "Nilibishana na swali la bei ya shati. Wamepunguza bei mara mbili mfululizo, yaani ni duka gani hilo? Lakini nalo nimejibu. Nimejibu yote. Muda ulibaki, nikaangalia dirishani."

"Na matokeo?"

"Yule dada msimamizi wa mtihani amesema tusubiri, yanakuja kwenye simu." Akaitoa, akaishika mbali na macho yake, kisha akampa Arlys. "Soma wewe. Mimi sina miwani."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, sote tuliiona. Simu ilipolia, Arlys alisoma, akaisoma tena kwa kidole. Alama zilikuwa zimevuka mstari kwa kiasi kidogo sana, lakini upande uliotakiwa.

"Umefaulu," akasema. "Si haba."

"Si haba?"

"Ungefanya vizuri zaidi kwenye asilimia kama ungemsikiliza Coreen."

Akawasha gari. Hatukufika mbali. Nje ya mji, mahali ambapo hakuna kitu isipokuwa ardhi nyeusi iliyotoka kulimwa kwa ajili ya viazi-sukari vya kiwanda cha sukari, alisogeza gari pembeni, akashuka, akasimama amelipa mgongo dirisha letu, akisema upepo umemtia vumbi jichoni. Hakukuwa na upepo, jambo ambalo katika wilaya yetu linaweza kuandikwa gazetini. Nikataka kusema hivyo. Norbert aligeuka, akanitazama kwa jicho ambalo vijana wa chuo cha ufundi wangekuja kulijua vizuri kuanzia Septemba, nikafunga mdomo. Kisha yeye akaelekeza uso upande wa pili, kwenye lile shamba tupu, akalitazama kwa makini sana, kama paa analotaka kulijenga, mpaka mwalimu wake aliporudi na kuwasha sigara.